Utando wa dhahabu uliotoka kahawia: kutafuta kasoro za uso kwenye nitridi ya titani

Nitridi ya titani, yaani titani iliyoungana na nitrojeni, humwagwa kama utando mwembamba juu ya zana za chuma ndani ya chemba ya ombwe. Kipande kikitoka chemba kikiwa kahawia badala ya rangi ya dhahabu, mafundi wengi hukimbilia kuongeza au kupunguza nitrojeni. Usiiguse kwanza. Kasoro nyingi za uso wa nitridi za metali huanzia mahali pengine: maji yaliyobaki ukutani, mafuta ya pampu, joto lisilofika, vumbi. Na huku Lubumbashi kasoro hizo zina msimu. Kuanzia Novemba hadi Machi tatizo kubwa ni unyevu; kiangazi kikikauka, kuanzia Mei hadi Septemba, ni vumbi jekundu. Ukibadilisha nitrojeni ili kufunika kosa la maji, utapata rangi nzuri leo na utando unaobanduka wiki ijayo.

Mwongozo huu ni wa masini ndogo ya magnetroni, ambamo ayoni za agoni hung'oa atomi za titani zikatue kwenye kipande: bamba la titani la milimita 75 (hapa tunaliita shabaha, kwa kuwa ndilo linalopigwa na ayoni), nguvu ya wati 300 ya mkondo mnyoofu, umbali wa milimita 60 hadi 80 kati ya shabaha na kipande, agoni 25 sccm (sentimita za ujazo kwa dakika zikihesabiwa katika hali sanifu), shinikizo la kazi 0.5 Pa, joto la kipande 350–400 °C na volteji hasi ya kipande kati ya −50 na −100. Vipande ni meshi za kutobolea, frezi na matrisi (vyuma vya kukandamizia maumbo) za chuma cha kasi, yaani chuma cha zana kinachovumilia joto, utando ukiwa wa mikromita 1 hadi 3. Kwa majaribio, tumia kioo cha hadubini chenye utando wa nanomita 200. Mwenye masini kubwa abadilishe namba, mantiki ni ileile.

Kwanza, geji zako zinasema kweli?

Lubumbashi iko kati ya mita 1,200 na 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina shinikizo la karibu 87 kPa, si 101. Hapo makosa matatu hutokea mara kwa mara.

Geji ya mshale iliyoandikwa −0.1 MPa mwishoni haitafika hapo kamwe. Hata ombwe likiwa zuri kabisa itasimama karibu na −0.087. Watu wamefungua pampu nzima bure kwa sababu ya mshale huo. La pili, geji za kielektroniki zinazoomba kusawazishwa chemba ikiwa wazi: ukibonyeza thamani ya kiwandani ya 1013 mbar, umeipa uongo, ingiza 870 hivi, au bora zaidi usome kipima hewa cha siku hiyo. La tatu linahusu vyanzo vya umeme vinavyopozwa kwa feni: vingi vimekadiriwa kwa matumizi ya hadi mita 1,000. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, kwa hiyo usiviendeshe kwa nguvu yote saa nyingi mfululizo. Vidhibiti mtiririko vinavyopima kwa joto havisumbuliwi na mwinuko, maana vinapima masi ya gesi.

Kosa jingine halihusu mwinuko. Geji ya Pirani (inayopima shinikizo kwa jinsi gesi inavyobeba joto) iliyosawazishwa kwa nitrojeni husoma agoni pungufu: shinikizo halisi likiwa 0.5 Pa, yenyewe huonyesha karibu 0.3. Geji ya ayoni hufanya kinyume, huzidisha kwa takriban theluthi moja. Geji ya kapasita haijali gesi gani imo. Ukinakili mapishi ya mtu mwingine, uliza kwanza alipima kwa geji ya aina gani; vinginevyo utafanya kazi kwenye shinikizo karibu mara mbili ya lake, na utando wako utakuwa na matundu ambayo wake haukuwa nayo.

Rangi si ya dhahabu

Njano iliyopauka, inayoelekea fedha: nitrojeni haitoshi. Hii ndiyo hali pekee ambayo rangi yenyewe inakuonyesha kitasa cha kugusa, na hata hapa hakikisha kwanza kwamba mtungi haujaisha na bomba halijakunjwa.

Kahawia, nyekundu ya shaba, au dhahabu chafu: hapa kuna washukiwa watatu, nitrojeni iliyozidi, oksijeni iliyoingia, au utando wenye matundu unaomeza mwanga. Kwa macho hutawatofautisha. Fanya jaribio la titani tupu: funga nitrojeni kabisa, weka kioo kisafi, na mwaga nanomita 200 za titani kwa agoni pekee. Utando huo unapaswa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiwa wa kijivu kilichofifia, au wenye buluu kidogo, chemba yako ina maji au inavuja, na kitasa cha nitrojeni hakihusiki hata kidogo.

Thibitisha kwa ukinzani. Pini nne zilizopangwa mstari mmoja kwa nafasi ya milimita 1, zikikandamizwa katikati ya kioo cha upana wa milimita 25, zinatosha. Pitisha miliampea 10 kwenye pini za nje, pima volteji kwenye pini mbili za ndani, gawanya volteji kwa mkondo kisha zidisha kwa 4.53: umepata ohmu kwa mraba. Titani safi ya nanomita 200 hutoa takriban 3 hadi 6. Nitridi nzuri iliyopashwa joto, kwa unene uleule, hutoa 1 hadi 3, yaani mikro-ohmu sentimita 20 hadi 60. Nitridi ikizidi ohmu 10 kwa mraba, ina oksijeni au ina matundu. Kipimo hiki kinahitaji multimita inayosoma hadi sehemu za milivolti na chanzo cha mkondo tulivu, na kwetu ndicho chombo chenye faida kubwa kuliko bei yake katika kazi hii yote.

Jaribio la titani likishindwa, tenganisha uvujaji na unyevu. Vuta ombwe hadi chini ya 5×10⁻⁴ Pa, funga valvu kubwa ya pampu, andika shinikizo kila sekunde 30 kwa dakika 5, kisha chora. Mstari ulionyooka ni uvujaji. Mstari unaopanda haraka kisha ukalegea ni maji yanayotoka ukutani. Ili ujue ukubwa wa tatizo, zidisha ujazo wa chemba kwa mpando wa shinikizo kwa sekunde. Chemba ya lita 60 (0.06 m³) ikipanda 0.1 Pa katika sekunde 100, hiyo ni 6×10⁻⁵ Pa·m³/s. Sccm 1 ni sawa na 1.69×10⁻³, kwa hiyo unaingiza karibu 0.035 sccm ya usichokitaka. Inaonekana ndogo mbele ya nitrojeni ya sccm 4. Lakini titani hukamata karibu oksijeni yote inayoikuta, huku sehemu ya nitrojeni ikivutwa na pampu bila kutumika. Sisi hatuanzi kazi mpaka namba hiyo ishuke chini ya 0.01.

Uvujaji hutafutwa kwa pamba yenye isopropano: gusa kiungo kimoja kimoja, subiri sekunde 10, angalia geji kama inaruka. Anza na pete za mpira za mlango, uzi au unywele mmoja juu ya pete unatosha kuharibu kila kitu. Kisha angalia bomba la gesi. Mabomba ya plastiki hupitisha mvuke wa maji na oksijeni kupitia ukuta wake hata yasipokuwa na tundu. Yaondoe, weka chuma kisichoshika kutu au shaba kutoka mtungini hadi kwenye kidhibiti. Na agoni ya kuunganishia vyuma si ile unayoihitaji, omba 5.0, yaani asilimia 99.999. Mtungi uliovuka mpaka wa Kasumbalesa ukiwa na valvu iliyolegea haufai kuaminiwa kwa maandishi yake peke yake, basi jaribio la titani tupu lirudiwe kila unapobadilisha mtungi. Usiutumie hadi tone la mwisho. Simama kwenye bar 10 hadi 15.

Maji ndiyo mwizi mkuu wa majira ya mvua. Kosa linalorudiwa ni kufungua chemba huku maji baridi yakiendelea kuzunguka kwenye kuta zake. Chila (mashine ya kupoza maji) ikiwa kwenye 12 °C mwezi wa Januari, ukuta hutokwa jasho kabla hujamaliza kupanga vipande. Dakika 10 kabla ya kufungua, funga maji ya kuta (ya magnetroni yabaki), au pandisha chila hadi 25 °C. Jaza chemba kwa nitrojeni kavu, si hewa ya chumba. Mlango usikae wazi zaidi ya dakika 15. Baada ya kufunga, pasha kuta 80–100 °C kwa saa mbili huku pampu ikivuta, kisha choma shabaha dakika 10 kwa agoni, kizuizi (bamba linalofunika shabaha) kikiwa kimefungwa: titani inayotua ukutani hunasa maji na oksijeni, na utaona shinikizo la chini likishuka lenyewe.

Jaribio la titani likifaulu na utando bado ni kahawia, sasa gusa nitrojeni. Usikisie. Weka agoni na nguvu bila kuzibadilisha, panda nitrojeni kwa hatua za 0.5 sccm, subiri dakika mbili kila hatua, andika volteji ya shabaha na shinikizo. Kisha rudi chini kwa hatua zilezile. Utaona kwamba njia ya kushuka haifuati njia ya kupanda. Mwanzoni titani inameza nitrojeni yote na shinikizo halisogei. Halafu, kwenye mtiririko fulani, uso wa shabaha wenyewe unageuka nitridi, kasi ya kumwaga inaanguka, nitrojeni isiyo na pa kwenda inajaa, shinikizo linaruka. Ukishavuka hapo, kupunguza nitrojeni kidogo hakukurudishi. Itabidi ushuke sana. Rangi ya dhahabu hukaa karibu na ukingo huo, ndiyo maana leo inatoka na kesho haitoki kwa namba zilezile. Dawa ni mbili: ongeza kasi ya pampu (usibane valvu kubwa kuliko inavyohitajika), na anza kila kazi shabaha ikiwa safi, ukipanda kutoka chini, kamwe usishuke kutoka juu. Katika masini ya ukubwa huu ukingo huwa mara nyingi kati ya 2 na 6 sccm, lakini namba yako ni ile ya grafu yako, na itasogea shabaha inapochimbika.

Zambarau au buluu juu ya dhahabu: umefungua ikiwa bado moto. Oksidi nyembamba imeota na unaona rangi zake za mwingiliano wa mwanga. Subiri kipande kishuke chini ya 100 °C.

Sababu ya matundu, yaani mshukiwa wa tatu, ni joto na ayoni pungufu. Nitridi ya titani huyeyuka karibu na 2,950 °C. Hata ukipasha kipande hadi 400 °C, kwa kelvini umefika asilimia 21 tu ya joto hilo, na katika ukanda huo atomi zinazotua hazina nguvu ya kutembea; hujipanga kama nguzo zilizosimama peke yake zikiacha nafasi katikati. Utando kama huo ni hafifu kwa rangi, hunyonya maji ya hewa, na ukinzani wake hupanda siku baada ya siku. Volteji hasi ya kipande ndiyo inayozigandamiza nguzo hizo. Kama ukinzani uko juu lakini jaribio la titani lilikuwa safi, panda kutoka −50 hadi −80, kisha −100, na shusha shinikizo kutoka 0.8 kuelekea 0.4 Pa. Hakikisha pia kwamba volteji inafika kwenye kipande kweli: pima kwa multimita kati ya kishikio na mwili wa masini kabla ya kufunga, kwa kuwa kishikio kilichojaa nitridi ya zamani na skrubu zilizolegea huweza kukata njia ya umeme.

Utando unabanduka

Tazama ulipobanduka na kilichobaki chini yake. Chuma kitupu chenye kung'aa kikionekana, kosa liko kwenye usafi au kwenye kuchoma kwa ayoni. Kukibaki tabaka la kijivu au dhahabu nyingine chini, utando umevunjika ndani yake wenyewe, na mara nyingi kazi ilikatizwa (soma sehemu ya delestaji). Ukibanduka kwenye ncha na makali pekee huku sehemu bapa zikishika, ni mkazo.

Usafi una mpangilio wake. Sabuni ya alkali, gramu 20 hadi 30 kwa lita, 60 °C, dakika 10 kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Suuza kwa maji ya bomba. Suuza mara mbili kwa maji yasiyo na ayoni. Asetoni dakika 5. Isopropano dakika 5. Kausha kwa nitrojeni, kisha tanuri ya 110 °C nusu saa. Hewa ya kompresa ya atelie (karakana) ina mafuta, isikaribie kipande. Maji ya kisima yenye chokaa yakikauka juu ya chuma huacha madoa ambayo hayaonekani mpaka utando utue juu yake, kwa hiyo kipande kisikauke katikati ya hatua. Asetoni ya sokoni ijaribiwe: tone moja juu ya kioo kisafi, ikikauka ikaacha duara, irudishe. Mwisho, mwagia kipande maji safi na ukiinamishe. Maji yakitanda kama shiti moja, kimesafika, yakijikusanya kuwa matone, rudi kwenye sabuni. Baada ya hapo glavu za nitrili zisizo na unga, na koleo.

Ndani ya chemba, choma kipande kwa agoni kwenye −500 hadi −800 V, dakika 15 hadi 30, kizuizi cha shabaha kikiwa kimefungwa. Makali membamba hupata joto haraka kuliko mwili. Meshi ya milimita 2 ikiwaka nyekundu umeiua. Kisha mwaga titani tupu ya nanomita 100 kabla ya kufungua nitrojeni, halafu fungua polepole kwa dakika 2 hadi 3. Tabaka hilo la titani ndilo linaloshika chuma upande mmoja na nitridi upande wa pili. Kuliruka ili kuokoa dakika tano ni ubahili usio na faida.

Mkazo ni habari nyingine. Ayoni zinazogandamiza nguzo pia husukuma atomi mahali pasipo nafasi, agoni ikabaki imenaswa ndani, na utando ukawa unabana kwa gigapaskali kadhaa. Chuma kinapopoa hujikunja kuliko nitridi (takriban sehemu 12 dhidi ya 9.4 kwa milioni kwa kila digrii), kwa hiyo mbano unaongezeka. Unene nao unakusanya nguvu hiyo: utando wa mikromita 2 unaweza kushika vizuri na wa mikromita 5 kwa mapishi yaleyale ukaruka kwenye ncha. Ukiona makali yamekatika, shusha volteji kutoka −120 hadi −70, baki chini ya mikromita 3, na uyafanye makali yawe butu kidogo kwa brashi laini kabla ya kusafisha. Uga wa umeme hukusanyika kwenye ncha kali, hivyo makali hupigwa zaidi kuliko ulivyoweka kwenye chanzo.

Kipimo cha mshiko kinachowezekana katika atelie ni alama ya Rockwell C, mzigo wa kilogramu 150, kisha kutazama ukingo wa shimo kwa ukuzaji wa mara 100. Nyufa peke yake, au vipande vichache sana ukingoni, ni daraja za mshiko HF1 hadi HF4 na vinakubalika. Utando uliobanduka kwa wingi kuzunguka shimo ni HF5 au HF6: vua, anza upya. Kipimo hiki ni cha chuma kigumu tu. Juu ya chuma laini au kioo hakina maana.

Uliza pia chuma chenyewe ni kipi. Chuma cha kasi kilichorudishwa (kupashwa tena baada ya kugumishwa) kwa 540–560 °C huvumilia kazi hii. Chuma cha matrisi kilichorudishwa kwa 200 °C kitalainika ndani ya chemba, na mteja atasema utando ni mbaya kumbe kilicholegea ni kilicho chini yake. Kipande kama hicho kipewe nitridi ya kromi kwa joto lisilozidi lile lake. Vipande vilivyounganishwa kwa risasi ya fedha yenye kadmi au zinki visiingie kabisa. Vivyo hivyo vishikio vya shaba ya njano, ambavyo mjini kwetu hutengenezwa kirahisi mno: kwenye 300–400 °C zinki hupaa, hutua kwenye kila kitu, na hata pampu huchafuka. Tumia chuma kisichoshika kutu.

Vitundu, chunjua na uso uliofifia

Kiangazi kazi hii huongezeka. Chembe moja ya vumbi la mikromita 5 juu ya kipande hufunikwa na utando, kisha ikidondoka huacha tundu lenye chuma wazi. Funga madirisha, deki chumba kwa maji badala ya kufagia, na usipange vipande karibu na mlango unaotazama barabara ya udongo.

Ili uhesabu vitundu kwenye chuma, tumia kile ambacho Lubumbashi haikosi: salfati ya shaba, gramu 5 kwa mililita 100 za maji. Weka tone juu ya uso uliopanguswa na usome ndani ya dakika moja. Nukta nyekundu ni chuma kilicho wazi. Usisubiri zaidi, kwa kuwa nitridi inapitisha umeme na shaba itaanza kutua pembeni ya tundu pia, ukadhani tundu ni kubwa kuliko lilivyo.

Chanzo kingine kiko ndani ya masini. Nitridi iliyojikusanya kwenye kuta na ngao ikizidi makumi ya mikromita huanza kupasuka na kunyunyiza magamba, hasa masini inapopashwa na kupozwa. Ngao zilizopigwa mchanga hushika magamba kwa muda mrefu kuliko zilizolainishwa. Karatasi ya alumini ya jikoni inafaa kama bitana, ila ina mafuta ya kiwandani: ipanguse kwa asetoni kwanza. Unapokwangua kuta, lowesha. Unga mkavu wa titani hushika moto, na kifyonza vumbi cha kawaida kina cheche kwenye mota.

Cheche kwenye shabaha huleta matone ya titani juu ya kipande, na uso huonekana umefifia ingawa rangi ni sahihi. Nitridi ya titani inapitisha umeme, kwa hiyo cheche nyingi huashiria oksidi, vumbi au gamba lililolala kwenye mtaro wa shabaha. Sugua, pangusa, choma dakika 20 kizuizi kikiwa kimefungwa, ukianza na wati 50 na kupanda. Masini zinazoyeyusha shabaha kwa tao la umeme hutoa matone hayo kwa asili yake. Huko dawa ni kung'arisha baadaye kwa almasi ya mikromita 1.

Uso uliokuwa unalowa sasa unakataa maji

Utando uliotoka sasa hivi hulowa vizuri, tone la maji likatanda. Siku chache baadaye tone lilelile linasimama kama shanga, na mtumiaji analalamika kwamba rangi, gundi au kemikali haishiki. Mambo mawili yametokea. Mara tu baada ya kufunguliwa, uso umejivika oksidi ya nanomita 1 hadi 3, jambo la kawaida lisilozuilika. Kisha mvuke wa mafuta wa hewani umetua juu yake: moshi wa jenereta, wa makaa, wa magari. Oksidi hiyo hupenda maji. Ule mvuke ndio unaoyakataa.

Kwa hiyo ukilinganisha vipande viwili kwa pembe ya mguso, vipimwe baada ya muda uleule tangu kufunguliwa, tuseme saa moja, kwa tone la mikrolita 3 la maji yasiyo na ayoni, mara tano sehemu tofauti. Namba isiyo na saa yake haina kazi. Hifadhi vipande kwenye kioo au karatasi ya alumini iliyosafishwa. Mifuko laini ya plastiki na visanduku vya jeli hutoa silikoni na mafuta, na silikoni ikishaingia haitoki kwa asetoni. Kurudisha ulowaji: sabuni, maji, isopropano, kisha dakika chache za plazma ya agoni hafifu au taa ya urujuanimno yenye ozoni. Plazma ya oksijeni inafaa pia lakini inaongeza oksidi, usiitumie kama ukinzani wa mguso wa umeme ndio unaouzwa.

Kama uso unakataa maji papo hapo unapotoka chemba, hapo si hewa ya nje. Ni mafuta ya pampu yanayorudi nyuma.

Delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) katikati ya kazi

Umeme ukikatika, pampu ya awali inasimama na mafuta yake yanapanda kuelekea chemba ndani ya dakika chache. Valvu zote ziwe za aina inayojifunga zenyewe zikikosa umeme, na kompresa yake iwe na tangi lenye akiba. Pampu ya mvuke wa mafuta hubaki moto muda mrefu bila maji ya kupozea, kwa hiyo weka tangi juu ya paa linaloteremsha maji yenyewe kwa nusu saa.

Umeme ukirudi baada ya dakika 20, usiendelee pale ulipoachia. Uso uliolala umeshajivika maji na mafuta, na tabaka jipya litaegemea uchafu huo. Ndilo linalobanduka likiacha dhahabu nyingine chini. Kwa mkatizo wa sekunde chache ombwe likiwa limebaki, choma kwa agoni dakika 5, mwaga nanomita 50 za titani, endelea. Kwa mkatizo mrefu zaidi, vua na uanze upya. Ratiba ya kukatwa umeme mtaani kwako ni sehemu ya mapishi, kazi ya saa nne isianze saa moja kabla ya giza.

Mambo mafupi

Dhahabu upande mmoja na kahawia upande mwingine: bomba la nitrojeni linapuliza karibu na kipande. Lizungushe kama pete yenye matundu kando ya shabaha, na kipande kizunguke mara 5 hadi 10 kwa dakika.

Volteji ya shabaha imepanda polepole wiki nzima kwa mtiririko uleule: maji ya magnetroni yamepungua kwa chokaa, sumaku zimepata joto. Sumaku za neodimi hudhoofika kuanzia karibu 80 °C na hazirudi. Tumia maji yaliyochujwa kwenye mzunguko uliofungwa.

Kipimo cha Vickers kinatoa ugumu wa chuma, si wa utando: alama imezama kupita sehemu ya kumi ya unene. Kwa mikromita 2 kina kisizidi nanomita 200, na masini nyingi za atelie haziwezi hilo. Kubali mshiko na ukinzani kama vipimo vyako.

Kuvua utando mbaya

Nitridi ya titani huvuliwa kwenye chuma cha kasi kwa peroksidi ya haidrojeni iliyotiwa alkali, 50–60 °C, ukitazama kila dakika 10. Mikromita 2 huchukua saa moja au zaidi kutegemea nguvu ya mchanganyiko. Usivue vipande vya kabidi hivi: kobalti inayoshikanisha chembe zake huliwa kabla utando haujaisha. Chombo kiwe cha plastiki ngumu, kisichofunikwa, nje penye upepo, miwani na glavu ndefu. Unga wa shaba au wa chuma ukiingia humo peroksidi huvunjika kwa fujo, inachemka na kumwagika, kwa hiyo chombo hicho kisikae chumba kimoja na kazi ya shaba. Asetoni isikaribie kabisa. Vipande vyenye asetoni visuuzwe na kukaushwa kwanza. Ukiona chuma cha kijivu kila mahali, toa, suuza, kausha kwa tanuri, pima kipenyo cha meshi kwa chombo cha mikromita, kisha anza tena na sabuni ya alkali kama kipande kipya.